Bi. Gienia wa Kitalu cha Domagała: Alikuja kwa Wiki Mbili, Akakaa Miaka Arobaini na Mmoja

Baada ya kukitumikia Kitalu cha Domagała hapa Lipniak Stary kwa miaka arobaini na mmoja na miezi mitano, Bi. Genowefa Kłosek, ambaye sote tunamwita Bi. Gienia, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Februari 2025. Kwa kuwa Ijumaa hiyo tunapokea malori mawili ya udongo na hakuna atakayepata nafasi hata ya kukaa, tumeamua kumuaga Alhamisi, siku ya maandazi, ile ya mwisho kabla ya Kwaresima. Kila mtu atapata andazi lake la jamu ya waridi, na atakayetokwa na machozi atasingizia sukari ya unga.

Wenzangu wameniomba niandike wasifu huu kwa sababu nipo idara ya mauzo na inasemekana watu wa mauzo wana maneno. Nilipomwambia Bi. Gienia, alikuwa anafuta trei na hakuinua kichwa.

"Andika ukweli, Dorota," alisema, "na uandike kifupi. Watu watakuwa wamesimama na vikombe mikononi."

La kwanza nimejitahidi. La pili limenishinda.

Bi. Gienia aliingia hapa Septemba 1983, akiwa na miaka kumi na tisa, kufanya kibarua cha wiki mbili. Mwenye kitalu wakati huo alikuwa marehemu mzee Teofil Domagała, baba yake Leszek, na alikuwa anatafuta mikono ya kuchambua krisanthemu kwa ajili ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: kila mche una vitumba vingi, unaviondoa vya pembeni vyote, unabakiza kimoja cha katikati, na hicho kinakuja kuwa ua kubwa kama kichwa cha mtoto. Watu wanalipeleka makaburini na kila anayepita analiona.

Mzee Teofil alimweleza mara moja, akaondoka. Alipofika mchana, alikuta msichana amemaliza mstari mzima wa miche mia tatu, haraka kuliko wote. Tatizo ni kwamba alikuwa ameviondoa vitumba vya katikati na kuvibakiza vya pembeni.

Wanaokumbuka wanasema mzee alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi.

"Binti," akasema, "umekata kichwa ukaacha masikio."

Bi. Gienia alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ndoo. Alikuwa anajiandaa kwenda zake. Mzee akamuuliza anakwenda wapi.

"Nyumbani. Si umenifukuza?"

"Nani kakufukuza? Umeanza mstari, umalize na mstari wa jirani yake kwa mtindo uleule. Nikiwa na mistari miwili ya kipumbavu nitasema nilikusudia."

Ile miche mia sita ilitoa vichaka vya maua madogo madogo, kumi na mawili mpaka kumi na tano kwenye kila shina. Mkesha wa sikukuu, vilikuwa vya kwanza kuisha. Wanawake wa vijiji vya jirani walikuja kuuliza kama kuna mengine ya "yale ya Domagała, yenye maua mengi". Mwaka uliofuata mzee alipanda mistari kumi ya namna ile, na msichana wa wiki mbili akapewa funguo za banda la tatu. Mpaka leo tunayalima. Kwenye orodha yetu yana jina refu la kigeni, lakini bandani kila mtu anayaita masikio.

Tangu hapo ngazi zake zilikuwa hivi. Alifanya kazi ya kuatika miche kwa miaka sita. Akapewa banda la kusia mbegu. Mwaka 2002, akiwa na miaka thelathini na minane na watoto wawili, alijiandikisha masomo ya bustani ya Jumamosi na Jumapili, akapata cheti chake baada ya miaka miwili na nusu, wa pili katika darasa lililojaa watu wa umri wa watoto wake. Mara mbili Leszek, aliyerithi kitalu kwa baba yake, alitaka kumfanya mkuu wa uzalishaji, na mara mbili alikataa kwa sababu mkuu ana meza ofisini. Mara ya tatu alikubali kwa sharti kwamba meza iletwe bandani. Ipo pale, karibu na boila. Juu yake pana kila kitu isipokuwa karatasi.

Asifikiri mtu kwamba nitamsifu tu. Bi. Gienia huficha mikasi mizuri. Redio akiikuta inaimba huizima bila kuuliza nani anaisikiliza. Hajawahi kumaliza sentensi ya kumsifu mtu bila kuongeza "lakini". Na kwa wateja alikuwa na ukali ambao mimi, niliyetakiwa kuuza, niliona umenipa mvi kabla ya wakati.

Chukua habari ya padri. Wote hapa tunajua kwamba kabla ya Mtakatifu Zofia, tarehe 15 Mei, jalidi inaweza kurudi wakati wowote, na mche wa nyanya uliokaa nje hautaamka. Tunajua, lakini jua la mwisho wa Aprili likiwaka watu wanasahau kila mwaka. Padri Wincenty, paroko wetu mpya wakati ule, alikuja tarehe 27 Aprili na gari limefunguliwa buti, akataka nyanya arobaini.

"Za kupanda lini, Baba?" Bi. Gienia akamuuliza.

"Leo mchana. Mashimo tayari nimechimba."

"Basi sina nyanya."

Padri akaziangalia nyanya, meza nzima, zimesimama kijani mbele yake.

"Na hizi ni nini?"

"Hizi ni nyanya za tarehe kumi na sita Mei."

Nilijitokeza haraka na kusema kwamba Baba Padri ni mtu mzima, akitaka tutamfungia vizuri, anaweza kuzifunika. Bi. Gienia alinitazama nikarudi nilikotoka. Padri naye hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi.

"Bi. Genowefa, mimi nina imani."

"Nami ninayo, Baba. Ila kipimajoto hakina."

Aliondoka bila nyanya. Tarehe 12 Mei asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Jumapili ile, kwenye matangazo baada ya misa, padri alitangaza ratiba ya ubatizo, ukarabati wa paa, na kwamba waumini wanaotaka nyanya wasiende kwa Bi. Kłosek kabla ya siku yake, kwani yeye mwenyewe amejaribu. Nadhani hakuna tangazo la biashara lililowahi kutuletea watu wengi kama lile.

Lakini mkiuliza mtu yeyote wa Lipniak Bi. Gienia ni nani, hatawaambia habari za krisanthemu wala padri. Atawaambia kuhusu Februari ya mwaka 2012. Wapo kati yenu walioajiriwa baada ya hapo na wameisikia vipande vipande, kila kipande kimetiwa chumvi. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitaieleza kama ilivyokuwa.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 9. Wiki ya pili mfululizo baridi ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri mchana. Mabanda yalikuwa yamejaa kama yanavyojaa kila Februari: petunia zilizoatikwa wiki iliyopita, bratki, yale maua madogo ya rangi nyingi, zinazosubiri machipuko ya kwanza, pelargonia zinaanza kushika mizizi. Kwa wasiojua, mapato yetu ya mwaka mzima wakati huo yamelala kwenye trei, kila mche mdogo kuliko kidole. Saa sita kasoro, boila ilipiga mlio mmoja kama mtu aliyeangusha sufuria, na maji yakaanza kutiririka sakafuni. Tumbo lake la chuma lilikuwa limepasuka kutoka juu mpaka chini.

Fundi alikuja, akaangalia, akavua kofia. Alisema kuna boila ya kufanana nayo mjini, ila kuileta, kuifunga na kuiwasha ni mpaka Jumapili, akijitahidi. Tulikuwa na saa nne, labda tano, kabla ya banda la plastiki kuwa sawa na nje.

Leszek alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa bado kijana, na ndiyo kwanza alikuwa na mwaka wa tatu tangu amzike baba yake.

"Bi. Gienia," akasema, "tumekwisha."

"Tumekwisha nani? Boila ndiyo imekwisha. Inuka kwenye ndoo, naihitaji."

Nilikuwa nimesimama karibu yake na niliona anafikiria jambo ambalo hataki kulifikiria. Katika kijiji chetu kulikuwa na mahali pamoja tu palipo pakubwa vya kutosha, penye madirisha marefu na joto la kutosha: ukumbi wa zimamoto wa kujitolea, mita mia nne kutoka langoni kwetu. Kwa kawaida Februari ukumbi ule huwa baridi kama kaburi. Wiki ile ulikuwa umewashiwa moto tangu Jumatano, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi ya watu mia na thelathini. Bibi harusi alikuwa Ewelina, binti yake Bi. Gienia.

Alikwenda ofisini kupiga simu. Nilimfuata, na alipoanza kuongea sikuwa na ujasiri wa kutoka.

"Ewelina, mwanangu, umekaa? Kaa kwanza."

Sauti ya simu ile ilikuwa kubwa, nilisikia kila neno.

"Mama, nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Boila imepasuka. Nataka kukuomba ukumbi."

"Ukumbi upi?"

"Ukumbi wako. Niweke miche mpaka Jumapili."

"Mama, unaniambia nifunge ndoa na petunia?"

"Ndoa unafunga na Radek. Petunia watakuwa wageni tu."

"Wageni wangapi?"

"Elfu arobaini hivi."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema polepole, kama mtu aliyekuwa na maneno hayo tayari kwa miaka mingi, kwamba siku aliyopokea komunyo ya kwanza mama yake alifika kanisani na udongo chini ya kucha. Kwamba mahafali yake ya shule yalikuwa Mei na mama hakuja kwa sababu ni Mei. Kwamba maisha yake yote amekuwa wa pili nyuma ya banda la tatu, na alifikiri kwamba siku moja, siku moja tu, angekuwa wa kwanza.

Bi. Gienia alisikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea. Nilimwona ameshika ukingo wa meza.

"Yote uliyosema ni kweli," akasema. "Ukikataa, nitarudi niwaambie hapana, na sitakuuliza tena maishani kwa nini. Siku ni yako."

Ewelina akakata simu.

Tulirudi bandani. Bi. Gienia hakumweleza Leszek chochote. Alianza kufunika pelargonia kwa magazeti na mablanketi, kwani zile ndiyo kwanza zinashika mizizi na hazikufaa kuhamishwa, na akatutuma tutafute majiko ya mafuta ya taa kwa kila aliye na stoo. Kwenye kipimajoto cha petunia tulikuwa tumeshashuka nyuzi nne. Ikapita robo saa, ikapita nusu saa.

Kisha gari likaingia langoni kwa kasi, na nyuma yake gari jingine. La kwanza lilikuwa la Radek, bwana harusi, la pili la baba yake. Ewelina alishuka na koti la mama mkwe wake juu ya nguo ya nyumbani, kichwani ana vibiringishi vya nywele, maana simu ilimkuta kwa msusi anafanyiwa majaribio. Mikononi alikuwa amebeba furushi la mafarishi ya manyoya ya bata, mapya, bado na riboni. Yalikuwa zawadi za harusi.

Alimpita mama yake bila kumtazama, akaenda kwenye trei ya kwanza, akaifunika kwa farishi.

"Usisimame hapo, Mama," akasema. "Zinapata baridi."

Radek akavua glavu zake. "Mama mkwe, tuanzie upande upi?"

Bi. Gienia alinyoosha kidole kuonyesha kushoto. Katika miaka yote niliyomfahamu, ndiyo mara pekee nilipomwona akitoa maelekezo bila neno.

Yaliyofuata ndiyo mnayosimuliwa na kila mtu. Magari yaliwashwa na kuachwa yakinguruma mpaka ndani yapate joto. Zimamoto walileta gari lao kubwa na trei zikapangwa kwenye viti vya askari, zimefungwa mikanda. Mwalimu mkuu alileta darasa la juu, ambao walisimama kwa mstari kutoka banda mpaka lango wakipitishiana. Padri alikuja na gari lake la kubebea viti. Mama mmoja wa miaka themanini, aliyekuwa anakaa jirani na ukumbi, alihamisha trei moja moja ndani ya gari la kusukumia mtoto, amezifunika shali, na akikutana na mtu njiani anamwambia "shh". Jua lilipokuwa linagusa misitu, banda la petunia lilikuwa tupu, na trei mia saba na kitu zilikuwa ukumbini: kwenye madirisha, jukwaani, chini ya meza zote, kando ya kuta mpaka kimo cha mtu.

Basi Jumamosi tukala harusi humo. Mchana, watu walipotoka kanisani na kuingia ukumbini, walikuta vibao vya majina yao mezani na chini ya kila kiti pana trei. Bi. Gienia, kwenye gauni la bluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, alisimama mlangoni na mumewe Kazik kupokea wageni kwa mkate na chumvi, kama ilivyo desturi, na kila mgeni alimkaribisha kwa maneno yaleyale: "Karibuni sana, msipige teke." Wapiga muziki walibanwa kwenye kona kwa sababu jukwaa lilikuwa la bratki. Mpiga akodiani alilalamika kwamba amepiga harusi mia nne na hajawahi kunyimwa jukwaa na majani. Pakabaki nafasi ya kucheza ya jozi sita, kwa hiyo watu walicheza kwa zamu, na waliokuwa wanasubiri zamu yao waliimba, na mpaka leo wanasema hakujawahi kuwa na uimbaji kama ule katika ukumbi wa Lipniak.

Kabla ya supu, Ewelina alisimama. Alisema angependa kuwashukuru wazazi, na kwamba hapo zamani alimwonea wivu kila mche uliowahi kupita mikononi mwa mama yake. "Sasa nimewaalika wote kwa pamoja," akasema, "tumalizane." Kisha akaenda kumkumbatia mama yake, na walikaa hivyo mpaka supu ikapoa. Nilikuwa meza ya tatu. Sikuwa na sukari ya unga ya kusingizia.

Jumapili boila mpya iliwaka saa nne asubuhi. Wageni waliokuja kwa siku ya pili ya harusi waliwekwa mstarini na suti zao na viatu vyao vya kung'aa, wakazirudisha trei zilikotoka. Tulipoteza trei kumi na tisa, mbili kati ya hizo zilikaliwa na mjomba wa Radek. Msimu ule wa machipuko kila aliyekuwepo alitaka petunia "za harusi", na Leszek, ambaye alikuwa ameshajiona anakifunga kitalu, aliongeza banda moja zaidi. Ewelina na Radek wana watoto watatu leo. Mafarishi yale, nimeambiwa, bado yana alama za udongo ambazo hazitoki.

Nirudi kwenye mambo ya leo, maana vikombe vinapoa.

Wengi mmeuliza kwa nini mtu astaafu Februari, mlangoni mwa msimu, badala ya kusubiri pirika ziishe. Leszek mwenyewe aliuliza, tena si mara moja. Alimwomba akae mpaka Mei.

"Nikikaa mpaka Mei," Bi. Gienia akamjibu, "utaniomba nikae mpaka nyanya ziishe. Nyanya zikiisha kuna krisanthemu. Krisanthemu zikiisha itakuwa Novemba, na Novemba nani anaacha kazi, wakati tunaagiza mbegu? Nimejiuliza hivyo kwa miaka minne, Leszek. Kila mwezi nimeukuta una sababu."

"Na sisi je? Msimu mzima bila wewe?"

"Lesia yupo. Ataogopa zaidi mimi nikiwa nimesimama nyuma yake."

Lesia Hnatiuk mnamjua. Alikuja kwetu machipuko ya mwaka 2022 kutoka Ukraine, na mama yake na mkoba mmoja. Alikuwa mwalimu wa kemia na hakuwahi kushika mche. Bi. Gienia alimchukua bandani kwake siku ya kwanza, wakiwa hawana lugha moja kamili kati yao, wakaelewana kwa vidole na kwa kugombana. Miezi sita baadaye walikuwa wanagombana kwa lugha tatu. Mwaka jana Lesia akawa msimamizi wa kusia mbegu, na mwezi uliopita ulifika mtihani wenyewe.

Mtihani huo ni begonia. Mbegu zake ni vumbi; ukipiga chafya umepoteza trei. Hazifunikwi udongo, hazimwagiliwi, hupuliziwa ukungu wa maji mwembamba, ukizidisha zinaoza, ukipunguza zinakauka, na huoni kosa lako mpaka wiki mbili zipite. Kwa miaka thelathini na mitano begonia zimesiwa na mikono ya mtu mmoja. Mwaka huu, Jumatatu ya kusia mbegu, Bi. Gienia alichukua likizo zake zote zilizobaki na kukaa nyumbani. Alimwambia Lesia asimpigie simu, kwa kuwa hatapokea.

Na kweli hakupiga wala hakupokea. Ila kitalu chetu kimepakana na barabara, na mbwa wake, ambaye kwa miaka tisa alizoea kutembezwa mara moja jioni, ghafla akawa anatembezwa mara nne kwa siku, kila mara kando ya uzio wetu, kila mara akisimamishwa mbele ya banda la tatu. Siku ya tano Leszek alifungua dirisha la ofisi.

"Bi. Gienia, huyo mbwa atakonda."

"Daktari kamwagiza mazoezi," akasema, akaendelea mbele bila kugeuza shingo. Shingo ndiyo hakugeuza; macho nisiseme.

Lesia upande wa ndani hakuwa na hali nzuri zaidi. Alikuwa anakuja kabla yetu, anaondoka baada yetu, na chakula chake cha mchana tulikuwa tunamsukumia mlangoni. Alikuwa ameandika kwenye daftari kila upuliziaji, saa na dakika. Siku ya kumi na mbili alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye trei, akaniambia niangalie na nimwambie ninachoona, kwa sababu yeye hayaamini tena macho yake. Niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa udongo. Kulikuwa na ukungu wa kijani. Ukungu mwembamba, kama mtu amepumua rangi juu ya udongo: zilikuwa zimeota.

Bi. Gienia alirudi kazini Jumatatu, tarehe 10 Februari. Alitundika koti, akaosha mikono, akaingia banda la tatu. Sote tulipata ghafla kazi karibu na mlango ule. Alipita trei kwa trei, ameweka mikono nyuma. Lesia alimfuata akiwa amesimama wima kama anakaguliwa na jenerali, na walipofika kona ya kaskazini hakusubiri kuulizwa.

"Hapa zimekufa," akasema. "Trei nne. Maji yanadondoka kutoka paani, niliona nimechelewa. Ni kosa langu."

Bi. Gienia akaangalia juu, akaangalia chini.

"Mimi kona hii huniulia trei sita kila mwaka," akasema.

Tulisubiri ile "lakini". Haikuja. Alitoka bandani, akavuta kiti cha meza yake ambacho hakuna aliyewahi kumwona amekikalia wakati wa kazi, akaketi, akaomba chai. Aliinywa yote, polepole, huku kuzunguka kwake watu thelathini na wawili wakibeba, wakijaza, wakiatika, na hakunyanyuka hata mara moja. Lesia alikuwa amegeukia ukutani, anafuta kipimajoto kisichokuwa na vumbi.

Hivyo ndivyo tulivyo leo. Bratki zinatoka nje wiki ijayo kuzoeshwa baridi, maua ya primula ya Siku ya Wanawake yameshafungwa riboni, na lango tunafungua Jumamosi ya kwanza ya Machi kama kila mwaka. Kila kitu kipo tayari, na kilichofanya kiwe tayari ni mtu ambaye keshokutwa hatakuwepo.

Kuhusu zawadi, Leszek alipendekeza mkasi wa kupogolea, wa chuma cha Japani. Tulimpigia kura tukamshinda thelathini na mbili kwa moja. Badala yake, Bi. Gienia, ndani ya bahasha hii mna tiketi mbili za treni, yako na ya Kazik, kwenda milimani. Kazik ndiye aliyetuambia, baada ya kumbana sana, kwamba tangu mfunge ndoa hamjawahi kusafiri mwezi wa Aprili hata siku moja. Kwamba yeye aliendesha treni miaka thelathini akipita chini ya milima ile Aprili, theluji inayeyuka na bonde zima limejaa maua ya zambarau ambayo hakuna mtu aliyeyapanda, na kila mwaka aliwaza kwamba ungeyapenda. Mnaondoka tarehe 2 Aprili. Mnarudi tarehe 30. Tumekagua: tarehe ya kurudi haibadilishwi, na stesheni wana picha yako.

Asante kwa kila mche uliopita mikononi mwako, na kwa kila mmoja wetu aliyepita humohumo na kutoka akiwa amesimama imara zaidi. Umetupa Aprili zako arobaini na moja. Hii inayokuja ni yako. Nenda ukayaone maua ambayo hayakuhusu, usiyamwagilie, usiyapange, wala usimkemee mtu anayeyapita. Tunakuombea afya, miguu isiyochoka, Kazik kando yako, na Aprili nyingine nyingi baada ya hiyo.

Wenzako wote wa Kitalu cha Domagała,
kwa mkono wa Dorota Sikora, idara ya mauzo